Tulipomsindikiza Mgeni Oxford

Oxford niliijua kabla sijaiona, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naipita nikiwa Rockville. Bibi niliyekuwa namtunza alikuwa na ramani ya mji huo jikoni kwake, imebandikwa ukutani juu ya sinki, na wakati uji wake wa shayiri unapoa alikuwa ananipeleka matembezi. "Vuka daraja," ananiambia. "Mkono wa kulia mnara, wa kushoto bustani ya mimea. Usikimbie, mawe yameloa." Nami nafuatisha kwa kidole chenye povu la sabuni, navuka daraja, napanda barabara iliyopinda, napita vyuo vimesimama kila upande. Tukifika sokoni uji umeshapoa, anakula.

Mimi si mtu wa shule. Nilimaliza kidato cha nne kule Njombe, na matokeo yalipotoka nyumbani kwetu watu walikula chakula cha jioni kimya kama kuna msiba. Baadaye nikapata bahati nasibu ya viza, nikaja Maryland, nikasomea cheti cha kutunza wazee. Lakini kuota ninaota, jamani. Kwenye basi la kutoka Silver Spring ninakokaa hadi Rockville ninakofanya kazi, nimeshahitimu udaktari mara kadhaa, na wiki moja nilikuwa rubani. Basi nilipoambiwa kwamba kuna mji mzima ambao kazi yake ni kusoma, kila kona chuo, nikaupenda kama mtu anavyompenda mchumba wa kwenye picha.

Bibi alikuwa Mwingereza wa huko huko Oxford. Alikuja Amerika akiwa ameolewa, mume alishafariki, mtoto ni mmoja wa kiume anayeishi Manassas. Siku ya kwanza aliniambia nimwite kwa jina lake. Nilijaribu kwa wiki nzima, kila nikilitamka najisikia nimemtukana mtu mzima. Mwishowe nikamwita Bibi, nikamfundisha na kuitikia. Kila asubuhi nikifungua mlango, "Shikamoo Bibi," na sauti kutoka chumbani, nyembamba, yenye lafudhi ya redio ya zamani, "Marahaba."

Siku moja ikaja kadi kutoka Oxford. Jirani wa dada yake ndiye aliyeiandika. Ilisema kwamba dada amehamishiwa nyumba ya wazee, moyo wake umechoka, na kwamba jirani ameona ni vizuri wenyewe wajue. Bibi aliisoma akaisukumia chini ya bakuli la sukari. Kesho yake hakunipeleka popote kwenye ramani. Uji ukapoa, ukaganda.

"Dada yangu hajazungumza nami tangu Mama alipofariki," akasema. "Miaka hamsini na kitu. Nilikuwa huku, yeye alikuwa kule anamuuguza peke yake, na sikwenda. Barua zangu zote, ukiacha ya kwanza, anazirudisha bila kufungua. Nataka aseme nami neno moja kabla mmoja wetu hajaondoka. Hata likiwa tusi."

Mwanawe alikuja kutoka Manassas Jumamosi. Ni mtu mwema, mwenye wasiwasi, anaongea akiwa amesimama. "Mama, kufika kwenye kisanduku cha barua tu hapo nje ni shida. Utafikaje Uingereza?"

"Huyu atanisukuma," Bibi akasema, akaninyooshea kijiko.

Waliniangalia wote wawili. Mimi moyoni nilishafika zamani.

Nilipokuwa nafunga sanduku, mwenzangu wa chumba alikaa kitandani ananichekea. Ni Mkenya wa Nakuru, mdomo wake hauna breki. "Sasa wewe unaenda Oxford? Wewe uliyenifanya mimi nikujazie fomu ya viza?"

"Naenda kusukuma kiti."

"Basi kisukume mpaka ndani ya klasi, ukae nyuma. Nani atajua?" Halafu akanikunjia sweta vizuri kuliko nilivyolikunja. "Na huyo shosho wa huko akikataa kuongea na wako? Utafanyaje?"

Shosho kwao ni bibi. Nilikuwa nimeota mji tu. Upande huo sikuwa nimeufikiria.

Tulisafiri kutoka Dulles, tukafika London asubuhi. Hapo uwanjani kuna basi kubwa la abiria linalokwenda moja kwa moja Oxford, huhitaji kuingia London mjini. Dereva alishuka mwenyewe, akatandaza ubao wa kupandishia kiti, akamwita Bibi "mpenzi" kana kwamba walisoma darasa moja. Bibi akaona haya. Basi lilipotoka tu barabarani nikashtuka, nikamshika mkono. Tulikuwa tunakwenda kushoto! Kama nyumbani. Sikuwa nimepita kushoto tangu nitoke Tanzania, na kwa mambo ya kipuuzi vile machozi yalinitoka. Bibi akanipa kitambaa chake bila kuuliza.

Baada ya saa moja na nusu hivi basi likaanza kuteremka mlima, nyumba zikabanana, nikaona baiskeli, halafu nikaona daraja. Nililijua palepale. "Bibi! Mnara huo, kulia. Na bustani ile pale." Nikamgeukia. Alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili imeshika mkoba.

"Najua mnara ulipo," akasema.

Mji wenyewe nitausema ulivyo. Ni mzuri mpaka unachosha. Mawe ya kuta ni rangi ya asali, kengele zinapigana kila robo saa bila kusikilizana, na watu wanaendesha baiskeli kama wanafukuzwa. Lakini kwa mtu mwenye kiti cha magurudumu ni vita. Mitaa ya zamani imetandikwa kokoto za mviringo, kubwa kama viazi, na kiti kikipita pale mtu anatikisika hadi meno. Njia za pembeni ni nyembamba, imesimama baiskeli hapa, kibao cha mkahawa pale. Basi za mjini ni za ghorofa. Dereva anabonyeza kitufe, ubao unateleza kutoka mlangoni, unapandisha kiti, lakini nafasi ya kiti ni moja tu, na kama kuna kigari cha mtoto mnaangaliana na mama wa mtoto hadi mmoja aone aibu. Vyuo navyo vimefungwa mageti makubwa ya mbao, na ndani ya geti kubwa kuna mlango mdogo, na juu ya mlango mdogo kuna kibao cha kusema leo haturuhusu wageni. Nilikuwa nachungulia tu. Nilichokiona ni majani mabichi, yamenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, na hakuna aliyekanyaga.

Nyumba ya wazee ilikuwa juu ya kilima, upande wa mashariki, karibu na barabara ile ile tuliyojia. Mlango wake unafunguliwa kwa namba. Mhudumu aliyetufungulia alikuwa dada mmoja mweusi, mnene wa kupendeza, saa imening'inia kifuani. Nilipomsalimia kwa Kiingereza changu akakunja uso kidogo, halafu akacheka.

"Wewe ni wa Tanzania," akasema kwa Kiswahili. "Nimekujua. Umenisalimia mara tatu na hatujatoka mlangoni."

"Na wewe wa Kenya. Umeshanisema na hatujatoka mlangoni."

Alikuwa wa Kericho. Tulishikana mikono muda mrefu, Bibi akitutazama kutoka kwenye kiti kama anatazama mechi. Kisha dada wa Kericho akashusha sauti. "Nikwambie ukweli, dada. Nimemwambia mnakuja. Huyu shosho wetu ana kichwa ngumu. Msitegemee sana."

Dada yake Bibi alikuwa dirishani, amekaa wima, fremu yake ya kutembelea imesimama mbele ya magoti. Walifanana, jamani. Pua ile ile, shingo ile ile ya kujinyoosha, ila huyu mkubwa alikuwa mkavu kama kuni iliyokaa juani. Nikainama, likanitoka tu: "Shikamoo."

"Anasema nini huyu?" akamuuliza mhudumu.

"Anakuheshimu," dada wa Kericho akamjibu.

"Mwambie asante. Na mwambie huyo mwanamke aliyekuja naye kwamba nimelala."

Macho alikuwa ameyafumbua, yanatazama miti nje.

Dada wa Kericho akamgeukia Bibi, uso umemshuka. "Anasema amelala."

"Mwambie nitangoja aamke," Bibi akasema.

Tukangoja saa nzima. Televisheni ilikuwa inaonyesha watu wanauza vyombo vya zamani. Dada yake hakugeuka. Tuliondoka, tukarudi kesho yake asubuhi, ikawa vile vile. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, nakunywa chai ya maziwa isiyo na viungo, nikijitahidi kutabasamu huku na huku hadi mashavu yakauma. Nilikuwa nimeota mambo mengi kuhusu Oxford. Sikuwahi kuota chumba kama kile.

Mchana wa siku hiyo ya pili Bibi akasema tusirudi nyumba ya wageni. Nimpeleke mjini. Tukateremka kwa basi, tukashuka baada ya daraja, akanielekeza uchochoro hadi kwenye ukuta mrefu wa chuo. Hatukwenda geti la mbele. Tulizunguka nyuma, kwenye kigeti cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, pembeni kuna mapipa ya taka.

"Mama alikuwa anaingilia hapa," akasema. "Alikuwa anasafisha vyumba vya wanafunzi. Anatandika, anazoa majivu ya moto, anaosha vikombe vyao. Dada na mimi tulikuwa tunamngojea hapa jioni, tumemshikia baiskeli yake yenye kikapu. Geti la mbele hakuwahi kulitumia, na sisi hatukuwahi."

Nikamwambia, ili kumchangamsha, kwamba basi mimi na mama yake ni watu wa kazi moja. Akaniangalia. "Ndiyo," akasema. "Nimeliwaza hilo mara nyingi."

Kijana wa jikoni akatoka kumwaga taka, akatupisha, mlango ukajifunga nyuma yake. Ndipo Bibi akaniambia jambo ambalo hata mwanawe hakuwa analijua. Dada yake alipomwandikia kwamba Mama anakwisha, barua ile aliipata mapema. Tiketi ya ndege alikuwa nayo kwenye droo. Akaogopa. Akaogopa kumwona mama yake, mwanamke aliyekuwa anabeba ndoo mbili za makaa hadi ghorofa ya nne, amelala hawezi kugeuka. Siku zikapita akiwa amekaa jikoni Amerika. Mama alipozikwa, akaandika kwamba barua ilichelewa.

"Huo ndio uongo niliokuja kuutoa," akasema. "Na hataki kunigeukia niutoe."

Nilishika mikono ya kiti, nikatazama yale mapipa. Mtu wa Njombe anajua kuosha miguu ya mgonjwa, kumgeuza, kumlisha. Kwa jambo kama hilo sikuwa na pa kushika.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, ndege yetu ilikuwa ya jioni. Tulikwenda nyumba ya wazee na mizigo yetu kabisa, kwa kuwa kituo cha lile basi la uwanja wa ndege kiko chini kidogo tu ya nyumba hiyo, mwisho wa mtaa. Tukakaa. Chai ikaja. Dada mtu hakusema amelala safari hii, na mimi nikaona hiyo ni hatua. Lakini hakusema lingine. Bibi alijaribu mara mbili, "Kuna kitu nataka kukuambia," na mara zote mbili mwenzake akanyoosha mkono akaongeza sauti ya televisheni.

Muda ukafika. Nikamvika Bibi koti, nikampakatisha mikoba magotini, nikakigeuza kiti. Dada wa Kericho akaja kutufungulia mlango, akabonyeza namba, kengele ya chumba kingine ikalia, akasema, "Nendeni salama, narudi sasa hivi," akakimbia, mlango ukabaki wazi umeshikwa na kigingi.

Sasa, mimi hapo sikufikiri. Nataka nieleweke. Kwetu mgeni haagwi kutoka kwenye kiti. Ukimuaga ukiwa umekaa, umemfukuza. Unainuka, unavaa viatu, unatoka naye, mnaongea mpaka njia panda, na yale ya maana mnayasemea huko huko njiani, kwa kuwa sebuleni yaliwakwama kooni. Hata Silver Spring tunafanya hivyo. Mtu anasema kwaheri saa kumi, anaondoka saa kumi na mbili, saa mbili nzima tumesimama naye kwenye maegesho tumeegemea gari lake. Basi mkono wangu ulichukua koti la yule dada mkubwa pale msumarini kama vile ningechukua khanga ya mama yangu. Nikamfungulia mikono ya koti.

"Haya, Bibi mkubwa. Tumsindikize mgeni," nikamwambia kwa Kiingereza changu.

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia ainuke tangu aletwe mle, badala ya kumwambia akae. Akatazama koti. Akaingiza mkono mmoja.

Tukatoka. Hakuna daftari tuliloandika, hakuna mtu tuliyemuuliza. Mimi nasukuma kiti, yeye ananifuata na fremu yake, tak, tak, tak, hadi nje ya ua. Kwenye njia ya watembea kwa miguu akasimama.

"Msichana wako anasukuma kama anakwenda kuzima moto," akasema.

Alikuwa anaongea na Bibi! Bibi hakuthubutu hata kugeuka.

"Toka," akaniambia mimi. "Nishike mwenyewe. Wewe beba hili dude."

Nikabeba fremu. Yeye akashika mikono ya kiti, akaegemea, na kiti kikawa ndicho kinachomtembeza. Nilitembea ubavuni, mkono wangu mmoja karibu na breki, nikiwaza akijikwaa nimeua wawili. Mteremko wenyewe ni mdogo, namshukuru Mungu.

"Umekuwa mzito," akasema.

"Ni mikoba," Bibi akajibu.

"Si mikoba."

Tukafika kituoni. Kuna benchi la chuma na paa la kioo. Akakaa kwenye benchi, nikamgeuza Bibi wakawa wanatazamana, magoti karibu yagusane. Nikajisogeza hadi mwisho wa paa, lakini magari hayakuwa mengi na wazee wale wote masikio yao yamechoka, walikuwa wanaongea kwa sauti kubwa. Nilisikia yote.

"Barua yako haikuchelewa," Bibi akasema.

"Najua."

"Niliipata mapema. Tiketi nilikuwa nayo. Niliogopa."

"Najua. Barua zilikuwa zinachukua siku tano. Uliniona mjinga?"

"Kwa nini hukusema?"

"Wa kusema ulikuwa wewe."

Basi letu likaja. Dereva akafungua mlango, akaniangalia. Nikamwangalia Bibi, hakuliona hata hilo basi. Nikampungia dereva mkono aende. Yalikuwa yanapita kila nusu saa, nilijua tukikosa na linalofuata ndege imetuacha.

Dada mkubwa alikuwa anatazama mikono yake. "Nikwambie kitu ambacho hukijui," akasema. "Kila asubuhi Mama alikuwa ananiuliza umefika wapi. Siku ya kwanza nikamwambia uko uwanjani New York, kuna ukungu. Kesho yake akauliza, nikamwambia umepanda. Kesho yake umetua London, unangoja mzigo. Nikakuweka kwenye treni. Nikakufikisha Reading, nikasema kuna hitilafu ya reli, umekaa hapo siku nzima. Nikakufikisha stesheni hapa. Nikakupitisha duka la kukodi baiskeli, nikakuvusha daraja. Kila siku nakuleta kidogo, kwa sababu alikuwa hataki kufa hujafika. Siku ya mwisho sikuwa tena na mahali pa kukuweka. Nikamwambia umeingia uani, unaegesha baiskeli. Akasema, mfungulie mlango. Nikaenda nikaufungua. Niliporudi amekwisha."

Lori likapita.

"Kutokuja ningekusamehe," akasema. "Wewe ni mwoga tangu mtoto. Lakini ulinifanya nimdanganye mama yangu mpaka pumzi ya mwisho, halafu ukaniandikia mimi uongo juu yake."

Bibi hakulia. Nilidhani atalia, nimeshashika kitambaa. Alikaa tu akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo anaoujua uzito wake. "Pole," akasema. Kiingereza hakina neno hilo, alilisema kwa Kiswahili, alikuwa ameshalizoea kwangu. Halafu akalisema na la kwao. Akalirudia.

Dada yake hakujibu. Kilichonishtua ni sauti ya viatu vya mpira vinapiga lami kwa kasi, na dada wa Kericho huyo anateremka mtaa, saa yake inarukaruka kifuani.

"Wewe!" akapiga kelele kwa Kiswahili. "Wewe Mtanzania! Unajua nimetafuta mtu mpaka ndani ya mashine ya kufulia? Unatoaje mzee wa watu nje bila kusaini? Meneja anataka kupiga polisi!"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mimi mwenyewe nina cheti, nimefundishwa, huko Rockville siwezi kumtoa mgonjwa wa mtu hata kwenye korido bila kuandika. "Dada, nisamehe," nikasema. "Nilikuwa… alikuwa anamsindikiza mgeni."

Alifungua mdomo aendelee kunifokea, ukabaki wazi. Akawatazama wale wazee. Akashika kiuno, akahema. "Anasindikiza," akasema. "Mungu wangu. Sasa mimi kwa ripoti nitaandika nini? Kuna sehemu ya kutiki 'anasindikiza'?"

"Andika ni mimi."

"Wewe unapanda ndege jioni. Anayebaki ni mimi."

Hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Alipewa barua ya onyo kwa ajili yangu, kwa kuacha mlango. Nilimwandikia meneja barua ndefu kwa Kiingereza changu, nikimweleza desturi yetu na kosa langu, kurasa mbili. Sikujibiwa. Dada wa Kericho tunaongea hadi leo, lakini mwezi wa kwanza hakupokea simu zangu, na sikumlaumu.

Basi la pili likaonekana linapanda kutoka mjini. Dada mkubwa akalitazama linavyokuja. Dada wa Kericho akamshika kiwiko ainuke warudi, akakataa. "Mgeni wangu hajaondoka," akasema. Akainama mbele, taratibu, akamfunga Bibi kifungo cha juu cha koti, kile cha kooni. Ilimchukua muda. Dereva alishuka, akaona, akangoja na ubao wake mkononi.

"Ukifika piga simu," dada mkubwa akasema. "Wewe mwenyewe. Siyo msichana."

Hakumbusu. Hakushika mkono. Tulipopanda na basi kuondoka nilimwona kwa dirisha la nyuma, amesimama na fremu yake katikati ya njia, dada wa Kericho amemwekea mkono mgongoni.

Simu ya mwanawe Bibi iliingia tukiwa bado hatujatoka mjini, meneja alishampigia. Nikampa Bibi. Akamsikiliza anavyofoka huko Manassas, akamwambia, "Kosa ni langu, na lina miaka hamsini. Nitakueleza nikirudi," akakata. Basi likaingia barabara kuu. Mashamba yakaanza, ya kijani, na kondoo. Bibi alikuwa amekaa na mkono kooni, juu ya kile kifungo.

"Amenisamehe?" akaniuliza.

Mimi nina moyo mwepesi. Kila mtu ninayemtunza, akiniuliza kama atapona, ulimi unataka kusema ndiyo kabla sijafikiri. Hiyo ndiyo ilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimekaa pale kituoni, nimesikia mtu alivyobeba miaka yote hiyo uongo wa kumfariji mgonjwa. Nikaimeza.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Hakusema. Amesema ukifika upige simu."

Akafikiri juu ya hilo hadi tukapita vijiji viwili.

"Basi tufike kwanza," akasema.